Aliyefiwa Haombi Maji

Kihurio,
18 Agosti 2025

Doreen,

Usinipigie simu. Nimeizima na kuitia kwenye debe la unga, na huko itakaa. Kila nikiiwasha, huyo Karani wenu ananiambia "Hongera, Ndugu Mwenyekiti," utadhani nimejifungua. Kwa hiyo nakuandikia kwa mkono. Barua hii anakuletea konda wa basi la asubuhi. Ukijibu, mpe huyohuyo.

Hedwiga unamjua, jirani yangu wa shambani, yule aliyekuwa anakufungia mchele kila ukija likizo. Mwezi wa saba alifiwa na mumewe, Fredrick. Walimpeleka kuzika kwao Usangi, na Hedwiga akabaki kule mlimani na wakwe zake mpaka matanga yalipoanuliwa. Amerudi juma lililopita. Amekuta mpunga umekauka kama majani ya kuezekea, na jaluba lenyewe si lake tena.

Unajua kilichotokea? Karani alimtumia meseji: "Zamu yako ya maji ni kesho. Jibu NDIYO." Mjane kakaa chini kwenye mkeka, maiti ya mumewe iko sebuleni, ajibu NDIYO! Hakujibu. Karani akairuka zamu yake. Juma la pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo. Na kwa kuwa kanuni ya mfereji wetu inasema anayekosa zamu tatu ameliacha shamba, Karani akamnyang'anya jaluba akampa mtu aliyekuwa anasubiri nafasi.

Salehe, mwenye jaluba la juu yake, alikwenda na jembe kumfungulia, kama tunavyofanya siku zote. Geti halikusogea. Siku hizi linafunguliwa na mota, na mota inamsikiliza Karani. Salehe akaandika meseji ya kuomba. Akajibiwa: "Zamu hii si yako. Asante kwa ushirikiano." Ushirikiano! Tulimshika mikono asilipasue lile geti.

Wewe ndiye uliyesimama mbele yetu ukasema kazi yako ni kumwandikia Karani maelezo ya kila chombo alichopewa, ajue kinafanya nini na kinatumikaje. Haya, ndiyo uliyomwandikia hayo? Kwamba mjane anyang'anywe?

Sisi Wapare tunachekwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wacheke. Hii si kesi ya kuku. Usikanyage kwangu mpaka jaluba la Hedwiga lirudi. Hata makande ya kwangu yasahau.

Mimi shangazi yako,
Raheli,
Mwenyekiti, Mfereji wa Nne


Same,
20 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma palepale stendi, konda akinitazama usoni. Nifikishie pole kwa Mama Hedwiga. Sikujua kabisa. Nimelia, halafu nimekasirika, na hasira nyingine ni juu yako, unisamehe.

Ngoja nikueleze. Karani ni akili mnemba. Hana macho, hajawahi kufika Kihurio, vilio havisikii. Kila kazi anaianza mtupu kama mtoto aliyezaliwa leo, anakuta zana zake mezani: moja ya kufungua geti, moja ya kutuma meseji, moja ya kuruka zamu, moja ya kuhamisha jaluba. Kila zana ina maelezo yake, na hayo maelezo ndiyo macho yake. Kilichoandikwa anakifanya. Kisichoandikwa, kwake hakipo duniani. Zana ya kuruka zamu imeandikwa hivi: "Huruka zamu ya mkulima asiyejibu." Basi, imeishia hapo. Niliandika mimi, kutokana na mlichoniambia.

Maana niliwauliza, Shangazi! Siku ile kwenye ofisi ya kijiji, wewe umekaa meza kuu. Nikasema nitajieni kanuni zote za maji. Mlinitajia faini ya anayeoga mferejini. Mlinitajia mbuzi, mkanitajia hata bata. Nikauliza, na asiyejibu je? Wewe mwenyewe ukasema, "Asiyejibu hataki maji, hao ndio wanaokimbilia mjini." Watu wakacheka. Habari ya msiba hakuna aliyefungua mdomo. Leo unaniambia "kama tunavyofanya siku zote." Mnafanya nini siku zote? Niandikie neno kwa neno.

Mimi sikuja Kihurio kumnyang'anya mjane, na sikubali ibaki hivyo. Jaluba litarudi. Lakini siwezi kumweleza Karani jambo ambalo mimi mwenyewe mmenificha.

Mwanao,
Doreen


Kihurio,
24 Agosti 2025

Doreen,

Marahaba.

Na mimi sikubali. Kuna mambo hayasemwi, sembuse kuandikwa na kubandikwa kwenye mashine. Ndiyo maana tulinyamaza, na ungetuuliza mpaka jua linazama tungekutajia bata tu. Mtu mzima anaona, anafanya, ananyamaza. Ukimsemea mtu jambo hili umemvunjia heshima, na ukilisema mwenyewe umejivunjia.

Sasa nikuambie lililoko moyoni kabla halijakufikia huko mjini limeoza. Unajua jaluba amepewa nani? Joshua wangu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya wanaosubiri nafasi. Ile "hongera" ya Karani ndiyo hiyo. Basi bombani, kanisani, kila mahali ni hayohayo: mwenyekiti na binti wa kaka yake wamepika. Jumapili nilikaa benchi zima peke yangu kama mgonjwa wa kuambukiza. Hedwiga mwenyewe hajaniambia neno. Ananisalimia vizuri kabisa, na hiyo salamu ndiyo inayonimaliza.

Joshua nimemwambia akikanyaga lile jaluba asiniite mama. Amelikataa hata kabla sijamaliza kusema. Lakini Karani bado anamtumia meseji za zamu, naye hajibu. Kwa hiyo maji hayaendi kwa Hedwiga wala kwa Joshua. Yanapita tu.

Raheli


Same,
26 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Hilo la Joshua ungeniambia tangu barua ya kwanza. Mficha uchi hazai. Haya, nitukane, nimeshasema.

Hebu fikiria una mkwe mpya. Katoka mbali, hajui mila hata moja, amefika jana, na leo unamwachia mfereji wote unapanda zako mlimani Chome. Ni mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia afunge mlango ataufunga hata kidole cha mtu kikiwemo. Huyo utamwambia nini kabla hujaondoka? Au utanyamaza, halafu urudi umpige?

Nijibu matatu tu. Zana ya kuruka zamu ni ya nini? Isitumike lini? Na Karani akikwama amuulize nani? Usiandike kwa lugha ya ofisini. Andika kama unavyogomba.

Ukinyamaza ni sawa, heshima itabaki. Na mwezi ujao atafuata mjane mwingine.

Mwanao,
Doreen


Kihurio,
29 Agosti 2025

Doreen,

Una mdomo kama marehemu bibi yako. Nimeandika mara moja na sirudii. Nilifunga mlango wakati wa kuandika, kama mwizi. Haya, msomee.

"Karani, sikiliza. Zana hii ni ya kuruka zamu ya mtu aliyeacha shamba lake. Aliyeacha shamba ni yule aliyehama, na majirani wanasema amehama. Kunyamaza si kuacha shamba. Mtu hunyamaza kwa sababu simu imezimika, au anauguza, au amefiwa.

"Asipojibu, usiiguse zana hii. Usimtumie meseji nyingine. Muulize mwenye jaluba la juu yake na mwenye jaluba la chini yake: kuna nini kwa fulani? Wakikuambia kuna msiba, zamu ni yake bado. Jirani akifika na jembe akakuandikia, mfungulie geti, na uandike kwamba aliyepata maji ni yule aliyefiwa. Majirani wasipojibu, huenda nao wako msibani, muulize mwenyekiti. Naye asipojibu, maji yaende kwa mwenye zamu, na usihamishe jaluba la mtu yeyote.

"Aliyefiwa haombi maji. Akiomba, watu watasema anazika kwa mkono mmoja na kulima kwa mkono wa pili. Kwa hiyo hataomba hata mpunga ukifa. Usimsubiri aombe. Na akirudi usimwambie nani alimfungulia. Akijua atataka kulipa, na maji ya msiba hayalipwi."

Hayo ndiyo. Haribu hata nukta moja uone.

Raheli


Dar es Salaam,
2 Septemba 2025

Doreen, habari za Same.

Nimeona ulichoweka kwenye zana ya kuruka zamu. Dada, ile ni hotuba. Maelezo ya zana ni sentensi moja, zikizidi sana mbili. Wakala, huyo Karani wenu, anayasoma yote kila anapotaka kuamua jambo. Tukimjazia habari za misiba kwenye kila zana atachanganyikiwa, na gharama za kumwendesha zitapanda. Halafu "sikiliza" na "usiiguse" ni lugha ya sokoni. Hizi akili mnemba za siku hizi ni janja, mengine zinaelewa zenyewe.

Nimerudisha sentensi ya zamani. Kuhusu jaluba la yule mama, mfumo umefuata kanuni ya wakulima wenyewe. Wakitaka kuibadilisha walete ombi msimu ujao.

Usikasirike, ni kazi tu.

Reginald,
Mkuu wa Mifumo


Same,
2 Septemba 2025

Kaka Reginald,

Nimekasirika, na ni kazi.

Unasema ni janja. Ujanja huohuo ndio uliomwona mjane yuko kimya, ukaamua kwamba hataki maji. Karani alipewa sentensi yetu moja safi, ya kitaalamu, akaitii barabara. Yeye hakukosea. Sisi tulimpa panga tukamwandikia "hukata", tukaona tumemaliza.

Zana ya kupima kina cha maji ina maneno manne, nenda kaiangalie. Inatosha, kwa sababu ikikosewa hakuna anayeumia. Zana inayoweza kumtoa mtu shambani kwake haiwezi kuandikwa kwa pumzi moja kisa tunabana matumizi. Kila mstari wa Shangazi una kazi yake: lini itumike, lini isitumike, aulize nani, na akikosa jibu asimamie wapi. Nionyeshe mstari wa bure nitaufuta kwa mkono wangu. "Sikiliza" nakuachia, ufute ukipenda, ingawa hata wewe ukiambiwa hivyo unasikiliza.

Nimejaribu yote mawili kwenye mfumo wa majaribio. Kwa sentensi yako, Karani alimruka kila mfiwa niliyemwekea, bila kusita. Kwa maneno ya Shangazi aliuliza majirani kwanza, na pale waliponyamaza wote hakuhamisha kitu. Matokeo nimeambatisha. Yasome kabla ya kunijibu.

Nimerudisha maneno yake. Ukiyafuta nitayarudisha. Ukininyima ruhusa, tafuta mtu mwingine wa kuandika jina lake chini ya sentensi ile, mimi langu silitoi. Babu zetu walikaa hapahapa Same miezi na miezi, wakikataa kodi ya mbiru ya mkoloni, jua likiwachoma. Mimi nina kiti na feni. Nitakaa.

Doreen


Kihurio,
26 Septemba 2025

Mwanangu Doreen,

Konda ameniambia yote. Kwamba bosi wako amekufungia mlango wa mashine, na sentensi ile ya mwanzo imerudi, na wewe upo upo tu hapo Same. Usilie. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na sisi huku tumenyamaza.

Niliitisha mkutano wa mfereji. Nikasimama, nikayasema kwa mdomo wangu yaleyale niliyokuandikia. Mbele ya watu! Wazee wakainamisha macho, wengine wakataka kutoka. Nikawaambia kaeni, aibu nimeibeba mimi, ninyi sikilizeni tu. Nikasema na la Joshua. Hedwiga akaanza kulia. Ndipo Salehe akainuka akasema, "Kama kunyamaza ni kosa, basi mfereji mzima umefiwa."

Siku hiyohiyo simu zote za Mfereji wa Nne ziliingia kwenye madebe ya unga. Karani anatangaza zamu, hakuna anayejibu. Anamruka huyu, anamruka yule, maji yote anayapeleka mtaro wa ziada yakamwagike porini. Nasi tumetoboa kingo juu ya mageti yake kwa majembe. Tunagawana kwa zamu zetu za zamani, tunaziba kwa viroba vya udongo. Jaluba la kwanza kunyweshwa lilikuwa la Hedwiga. Jembe la kwanza kutoboa lilikuwa la Joshua, na hakuna aliyecheka.

Jana imepita zamu ya tatu. Kwa kanuni, sasa Karani anatunyang'anya sote. Atunyang'anye! Tuone atampa nani.

Shangazi yako,
Raheli


Dar es Salaam,
29 Septemba 2025

Doreen,

Wafadhili wamenipigia simu asubuhi. Kwenye skrini yao Mfereji wa Nne hauna mkulima hata mmoja. Wakala amehamisha majaluba yote, foleni ya wanaosubiri ikaisha, na sasa anaomba aletewe watu wa kuwapa mashamba. Wameniuliza Kihurio imehamia wapi.

Nimesoma matokeo ya majaribio yako. Nilipaswa kuyasoma siku ileile uliponitumia.

Ruhusa yako imefunguliwa. Maneno ya shangazi yako yamerudi yote, pamoja na "sikiliza". Majaluba yamerudi kwa wenyewe, la Mama Hedwiga la kwanza. Kuanzia leo hakuna zana inayomgusa mtu itakayopita bila wewe kuandika lini isitumike.

Tafadhali mwombe awashe simu.

Reginald


Kihurio,
16 Oktoba 2025

Mwanangu Doreen,

Shangazi yako anasema makande yako jikoni, unangoja nini. Amekuwekea na parachichi za Chome nilizomletea. Njoo, acha kujivunga.

Nami nina langu. Mpunga wangu mwingine ulikufa, nimeukubali. Uliobaki umeanza kutoa masuke, na mimi sina la kulalamika.

Mwanzoni mwa mwezi huu mama yangu mkubwa alifariki huko Chome. Nikapanda kwenda kuzika. Kule juu karibu na msitu simu haishiki, na hata ingeshika nisingeigusa. Siku ya mazishi tunaimba, mimi nawaza jaluba. Nilijua zamu yangu ndiyo inapita. Nikajionea haya, mtu kaburini na mimi nawaza maji. Nikasema liwalo na liwe, lichukueni tena, sitaomba.

Nimeshuka jana. Sikupitia hata nyumbani, nikaenda moja kwa moja shambani na mzigo wangu kichwani. Jaluba limejaa maji. Kwenye tope la ukingo kulikuwa na nyayo za mtu. Sikuziangalia sana.

Nikawasha simu nione Karani ameandika nini safari hii. Nilikuta meseji moja, ile ya kuniuliza zamu. Baada ya hapo hakuniandikia tena neno. Hakunikumbusha, hakunitisha, wala hakunitajia mtu. Nilikaa pale ukingoni nikamlilia mama mkubwa, nikamlilia na Fredrick, kwa raha zangu, maji yakiwa yameshafika.

Nani alifungua geti, sijauliza.

Hedwiga